Utunzaji wa Miwaridi ya Kichaka: Mazungumzo kwa Wakulima wa Milimani



Leo sikuja kuzungumza juu ya mahindi, wala kabichi, wala viazi mviringo. Nimeombwa niseme juu ya mwaridi. Najua wako wanaocheka moyoni wakisema, "Maua hayaliwi." Ni kweli, hayaliwi. Na mashamba yetu ya Lushoto ni madogo. Mtu mwenye ekari moja mlimani hana budi kuuliza kila mmea unaosimama katika udongo wake: wewe unanipa nini? Basi swali hilo hilo tuuulize mwaridi. Mwaridi unaonyang'anya mboga maji, na unaomaliza fedha ya nyumba katika dawa, haufai kwa mkulima mdogo hata ukiwa mzuri namna gani. Lakini uko mwaridi unaoweza kujitegemea, nao ndio nitakaousema.

Miwaridi ni ya namna nyingi sana, lakini kwa kazi yetu tuigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni miwaridi ya maua ya kukatwa, kama ile inayolimwa Naivasha, nchini Kenya. Hiyo hukaa ndani ya mabanda ya plastiki, hunyweshwa kwa mipira ya matone, hupuliziwa dawa kwa ratiba, na ua likikatwa huingizwa katika chumba cha baridi kabla ya kupanda ndege kwenda Ulaya. Bua lake ni refu na limenyooka, na ua lake huvumilia safari, lakini mengi katika maua hayo hayana harufu ya kutosha. Mkulima akiuchukua mwaridi wa namna hiyo akaupanda nje, kwenye ukungu wetu wa Julai, mara nyingi hautamaliza mwaka ukiwa na majani.

Fungu la pili ni miwaridi ya kichaka. Mmea wake hutoa mashina mengi kutoka chini, husambaa, na hufikia urefu wa futi nne hadi sita. Maua yake si makubwa sana, lakini hutoka kwa vishada, tena mengi kwa wakati mmoja. Ikiwa imechaguliwa vizuri husimama nje kwenye mvua na jua miaka ishirini na zaidi. Kwa nchi yetu, iliyo bora ni ile yenye damu ya miwaridi ya China, kwa sababu hiyo huchanua tena na tena mwaka mzima bila kungoja majira ya baridi kali. Mmoja wa zamani unaitwa Old Blush, wenye ua la rangi ya waridi iliyofifia. Ulifika Ulaya kutoka China kabla ya mwaka 1800 na hata leo hauna shida nyingi. Mwingine ni Iceberg, mweupe, uliotolewa na bwana Kordes huko Ujerumani mwaka 1958, nao umeenea sana katika bustani za nchi za milima. Iceberg hushikwa na madoa meusi wakati wa mvua, lakini huamka tena upesi.

Iko pia miwaridi ya kichaka inayosifiwa sana katika nchi nyingine ambayo haifai kuikimbilia. Huko Oman, katika Jabal Akhdar, wakulima wana mashamba ya ngazi juu ya mlima, urefu wa kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, nao hupanda mwaridi wa Damaski na kuumwagilia kwa maji ya mifereji yao ya kale iitwayo falaji. Maua huchumwa alfajiri, hasa mwezi wa Aprili, na kukenekwa katika vyungu ili kupata marashi. Ni kazi nzuri na ya heshima. Lakini mwaridi ule huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka, na kabla ya kuchanua hutaka baridi ya kweli ya majira yao ya Desemba na Januari. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo. Miwaridi mingi ya jinsi hii ikiletwa kwetu hutoa majani tele, na maua haba.

Nasema haya kwa sababu kuna watu wanaopita vijijini wakiuza miche ya mwaridi kwa ahadi ya utajiri wa mafuta ya waridi. Sikilizeni hesabu. Kilo moja ya mafuta ya waridi hutaka zaidi ya kilo 3,000 za maua. Petali ni nyepesi kama karatasi. Mwenye miche kumi, au hata mia, hawezi kufika huko. Mtu akikuambia lipia miche leo, mafuta tutayanunua sisi, muulize ni nani aliyekwisha kuuza kwake, na yuko kijiji gani, uende ukamwone. Akikosa jibu, weka fedha yako katika mbegu za karoti.

Je, mwaridi wa kichaka utakupa nini basi? Kwanza ni ua la nyumba, na hilo peke yake si jambo dogo. Mtu anayeishi mahali pazuri hupapenda na kupatunza. Pili, mwenye miche iliyotunzwa ataweza kuuza maua karibu: arusi, sikukuu, makanisa, nyumba za wageni. Tatu, na hili wengi hulisahau, huko Pwani na Unguja waridi hutafutwa kwa ajili ya harufu yake. Petali hutiwa katika vikuba pamoja na asumini na mrehani, na marashi ya waridi hunyunyizwa kwa mrashi katika arusi na maulidi. Mnunuzi wa namna hiyo hajali urefu wa bua. Anataka ua linalonukia, lililochumwa asubuhi, lisilo na dawa. Ua la namna hiyo huwezi kulipata katika banda la plastiki, lakini uani kwako unaweza. Usipande kwa kutegemea mnunuzi wa mbali kabla hujamwona. Panda michache, jua tabia yake, kisha utafute soko.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo watu huanguka. Mwaridi uliokwisha shika mizizi hutaka wakati wa kiangazi kama debe moja la maji kwa juma. Miwaridi kumi ni madebe kumi. Nani atayachota? Najua jibu, na akina mama nao wanalijua. Kwa hiyo baba anayetaka kupanda miwaridi kumi kuzunguka nyumba na ahesabu kwanza safari za kwenda mtoni, na aseme ni zipi atakazokwenda yeye mwenyewe. Shauri langu ni kuanza na mitatu. Maji yaliyooshea mboga na mchele yafaa sana. Maji ya kufulia yenye sabuni kali au dawa ya kung'arishia nguo usiyamwage hapo.

Mahali pa kupanda ni pale penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, na hasa jua la asubuhi. Sababu nitaieleza nitakapofika kwenye magonjwa. Usipande chini ya mgrevilea wala karibu na migomba, maana mizizi yao itakula chakula chote. Usipande pia kando ya tuta la mchicha au sukuma wiki. Ikiwa siku moja utalazimika kupulizia dawa kwenye mwaridi, upepo utaipeleka kwenye mboga ya watoto.

Wengine wameniuliza kama ua wa miwaridi ukipandwa kwenye kingo za matuta ya ngazi utazuia udongo usichukuliwe na mvua. Hapana. Mizizi yake haishiki udongo kama majani ya tembo au majani ya Guatemala. Majani hayo yaache kingoni, yana kazi yake, na ng'ombe wanayahitaji. Mwaridi upandwe juu, kwenye sehemu tambarare, karibu na nyumba. Kama uzio wa kuzuia mbuzi unafaa kwa sababu ya miiba, lakini ukiwa mchanga mbuzi huupenda kuliko kitu chochote, kwa hiyo mwaka wa kwanza mwaridi ndio utakaohitaji uzio.

Chimba shimo la futi moja na nusu kila upande, na kina chake vivyo hivyo. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Kisha jaza shimo maji jioni moja ukalitazame asubuhi. Yakiwa bado yamesimama, tafuta mahali pengine au pandisha tuta, kwa maana mwaridi hauwezi kukaa na miguu majini. Maji yakiwa yamekwenda, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, ile iliyogeuka nyeusi na kupoteza harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Machi, ili mmea upate mvua ya kushika mizizi. Nafasi kati ya mche na mche iwe futi nne hadi tano; kwa uzio, futi tatu zatosha. Watu hupenda kubananisha ili uone maua upesi. Wakibanana upepo haupiti, na ukungu hupata nyumba.

Miche utaipata wapi? Hapa ndipo mwaridi wa kichaka unapomfaa mtu asiye na fedha. Usinunue kama waweza kuomba. Tembea kijijini mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe na ukungu mwingi, utazame miwaridi ya majirani. Uko ambao umebaki na majani yake ya kijani wakati mingine imepukutika. Huo ndio wako. Hauhitaji cheti; umekwisha kufanya mtihani katika udongo huu na katika baridi hii. Mwombe mwenyewe kipandikizi. (Miwaridi mipya ya makampuni ni habari nyingine, yapo majina yenye haki za mvumbuzi, na hapa Tanzania Bara iko sheria yake ya mwaka 2012. Ya zamani ni huru.)

Chagua tawi lililokwisha chanua, lenye unene wa penseli. Tawi laini linalopindika huoza, na tawi kuu la miti mitupu huchelewa sana kutoa mizizi. Jaribu mwiba: ukisukumwa kwa kidole ukakatika mara moja na kuacha alama safi, tawi limekomaa. Kata kipande cha inchi nane hadi kumi chenye macho manne au matano. Chini kata mara moja chini ya jicho, juu kata kidogo juu ya jicho, kwa mshazari, ili ujue siku zote upande wa juu ni upi. Ondoa majani yote ya chini, bakisha mawili ya juu. Choma kipande katika kitalu chenye udongo laini uliochanganywa na mchanga, theluthi mbili zikae ndani ya udongo, kisha ushindilie kwa vidole. Fanya kivuli cha nyasi au migomba. Udongo uwe na unyevu kila siku lakini usiwe tope. Mizizi hutoka baada ya majuma sita hadi kumi. Usikivute kukitazama! Watu wengi wameua vipandikizi vyao kwa hamu ya kutazama. Kwa vile si vyote vitakavyoshika, choma kumi ukitaka mitatu. Baada ya miezi minne au mitano, mche ukiwa na matawi mapya yenye nguvu, uhamishie shimoni wakati wa mvua. Ukichoma vipandikizi mwezi wa Oktoba, miche itakuwa tayari masika.

Mwaridi uliotoka kwa kipandikizi una faida moja kubwa zaidi ya ule wa kununua. Miche mingi ya dukani imebebeshwa, yaani jicho la mwaridi mzuri limefungwa juu ya mizizi ya mwaridi wa mwitu, kama tunavyofanya kwa michungwa. Hapo chini ya mahali palipobebeshwa hutoka maotea. Maotea ni ya mwitu, yana nguvu, na mwenye bustani huyafurahia akidhani mti unanenepa. Baada ya miaka miwili mwaridi wake mwekundu umekufa na kilichobaki ni miiba na viua vidogo visivyo na faida. Ukinunua mche wa kubebesha, kila otea litokalo chini ya kifundo livute kwa mkono hata linyofoke kwenye asili yake. Ukilikata kwa kisu juu ya udongo, yatatoka matatu mahali pake. Lakini mwaridi unaosimama juu ya mizizi yake mwenyewe hauna taabu hii. Kila chipukizi litokalo ardhini ni lako.

Mwaka wa kwanza kazi ni ndogo. Tandaza nyasi kavu au maganda ya kahawa kuzunguka shina, unene wa inchi tatu, lakini acha upana wa kiganja kati ya matandazo na shina. Matandazo hupunguza maji unayochota, huzuia magugu, na huzuia matone ya mvua yasirushe udongo na magonjwa kwenye majani. Magugu yang'oe kwa mkono. Jembe likipita karibu na shina huumiza mizizi, ambayo mingi iko juu juu. Maua ya kwanza kabisa yakate yakiwa bado vifumba. Najua ni vigumu, mtu amengoja miezi, lakini mmea mchanga unaozuiliwa kuchanua hujenga mashina, na mashina ndiyo yatakayobeba maua miaka yote ijayo.

Chakula chake ni samadi. Nusu debe kwa kila mche mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli, ukiweka juu ya udongo chini ya matandazo. Mbolea ya chumvichumvi si lazima. Mtu akizidisha ile ya kukuzia, mwaridi hutoa matawi marefu laini yenye majani makubwa mazuri, na vidukari huja kama walioalikwa.

Nimesema nitaeleza sababu ya jua la asubuhi. Ugonjwa mkubwa wa miwaridi milimani ni madoa meusi. Jani huonyesha doa jeusi la mviringo lenye kingo kama manyoya, kisha hugeuka manjano na kuanguka. Mmea ukipoteza majani mara mbili au tatu kwa mwaka hudhoofika na mwishowe hufa. Ugonjwa huu huletwa na kuvu, na mbegu za kuvu hiyo haziwezi kuota ila jani likae na maji muda wa kama saa saba au zaidi. Fikirini maana ya jambo hilo. Mtu anayemwagilia majani ya mwaridi saa kumi na mbili jioni anayalaza na maji usiku kucha. Anautengenezea ugonjwa kitanda. Anayemwagilia asubuhi, kwenye mizizi tu, akapanda mahali ambapo jua la saa mbili hukausha umande, akaacha nafasi upepo upite, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya dawa bila kutoa senti. Mvua na ukungu hatuwezi kuvizuia, lakini jioni na kopo la maji viko mikononi mwetu.

Majani yaliyoanguka yaokote kila juma, uyachome moto au uyafukie mbali. Usiyatie katika shimo la mboji, maana si kila mboji hupata joto la kutosha kuua kuvu. Kazi hii yafaa kupewa watoto. Macho yao ni makali.

Ugonjwa wa pili ni ubwiri unga, ambao hufanya majani machanga na vifumba vionekane kama vimepakwa unga mweupe. Huo huja siku za joto la mchana na baridi ya usiku, hata bila mvua. Kata ncha zilizoshikwa uzichome. Mkitaka dawa, salfa ya unga husaidia, lakini msiitie wakati wa jua kali la mchana kwa sababu huunguza majani. Kutu, yenye vumbi la rangi ya machungwa chini ya jani, haiji mara nyingi. Fanya kama kwa madoa meusi.

Vidukari hukusanyika kwenye ncha changa na kunyonya. Wasuguwe kwa vidole asubuhi, au wamwagie maji kwa nguvu, au uwapulizie maji yenye sabuni kidogo ya kufulia ya mche, kisha uoshe majani baadaye. Ukiona mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye vidoa vyeusi, mwache; yeye na watoto wake hula vidukari siku nzima na hataki mshahara. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shinani, jua wanafuata utamu wa vidukari, ukatazame juu. Wakati wa kiangazi, majani yakigeuka rangi ya shaba na chini yake pana utando mwembamba, huo ni utitiri. Unapenda ukavu na vumbi. Hapa tu ndipo ninaporuhusu kumwagia majani maji, tena chini ya jani, tena asubuhi.

Juu ya dawa kali za dukani nitasema wazi. Zamani wakulima waliambiwa wapulizie DDT kila mahali, na leo dawa hiyo imekatazwa katika kilimo chini ya mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu hukaa muda mrefu katika udongo na katika miili ya viumbe. Hili litufundishe kuwa na hadhari na chupa yoyote. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda bila jina usiinunue kabisa. Petali za mwaridi uliopuliziwa dawa ya sumu zisitiwe katika marashi, wala chai, wala kikuba, maana kikuba hukaa kifuani kwa mtu. Mwaridi usioweza kuishi bila sumu kila juma ung'oe, upande kipandikizi cha mwingine. Sioni haya kusema hivyo. Mmea ni wako, nawe si mtumwa wake.

Sasa kupogoa. Watu wengine hawapogoi kabisa, na kichaka chao huwa msitu wa matawi makavu. Wengine hukata kama wanavyokata majani ya ng'ombe, hata pakabaki vishina. Mwaridi wa kichaka hautaki hili wala lile. Fanya kazi kubwa mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kipupwe, mwezi wa Agosti mwishoni au Septemba mwanzoni, hewa ikianza kukauka na vidonda vikiweza kupona. Anza na kilichokufa: ni cha kahawia ndani. Ondoa matawi yanayosuguana na yale yanayoingia katikati. Kisha chagua shina moja au mawili yaliyo mazee kabisa, yenye gome la kijivu, uyakate karibu na ardhi ili mapya yapate nafasi. Yaliyobaki yafupishe kwa theluthi moja. Kila mara kata juu ya jicho linalotazama nje, kwa mshazari, kwa mkasi mkali uliofutwa kwa maji ya moto au spiriti. Usifanye hivyo kwa mche usiotimiza miaka miwili. Huo ondolee vilivyokufa tu.

Baada ya hapo, kila kishada kinapomaliza kuchanua kikate, ukishuka mpaka jani la kwanza lenye vijani vitano. Usiache maua makavu yafanye matunda, maana mmea ukizaa mbegu huona kazi imekwisha. Kutoka kukata hadi maua mapya ni majuma sita hadi nane; siku za baridi huzidi. Hapa ndipo mwenye akili ya biashara atakapopata faida yake. Anayetaka maua ya Krismasi na akate vishada kati ya mwisho wa Oktoba na juma la kwanza la Novemba. Anayejua siku ya arusi na ahesabu nyuma vivyo hivyo. Na asikate miche yote siku moja. Akate mmoja leo, wa pili baada ya siku tano, wa tatu baada ya siku tano nyingine, ili mvua au baridi ikichelewesha mmoja, mwingine uwe tayari.

Maua ya kuuza yachumwe mapema, kabla jua halijapanda, yakiwa yamefunguka nusu, na yatiwe mara moja katika ndoo ya maji kivulini. Petali za harufu nazo zichumwe wakati huo huo, kwa sababu jua likishapanda harufu hupungua. Ukibaki na maua yasiyouzwa, unaweza kufanya marashi kidogo ya nyumbani. Weka petali na maji kiasi cha kuzifunika katika sufuria, katikati simamisha kibakuli juu ya jiwe safi kiwe juu ya maji, funika kwa mfuniko uliopinduliwa, na juu ya mfuniko weka maji baridi. Chemsha kwa moto mdogo. Mvuke ukigusa mfuniko wa baridi hugeuka matone na kudondokea kibakulini. Badilisha maji ya juu yakipata moto. Ukiona petali zimepauka, ondoa. Hayo ni marashi ya kutumia nyumbani. Mkitaka kuyauza, njooni kwanza tuzungumze juu ya usafi wa chupa na vibali vinavyotakiwa.

Mwenye mwaridi unaougua asiniletee maelezo tu. Aniletee tawi zima lenye majani mabaya na mazuri, limefungwa katika gazeti, wala si katika mfuko wa plastiki, maana humo huoza njiani. Aniambie pia ni saa ngapi humwagilia.

Sasa tutoke nje. Nimekuja na matawi ya mwaridi mweupe, kila mmoja atakata vipandikizi vyake vitatu mbele yangu, kisha maswali tutayajibu hapo hapo kitaluni.